Usifungue Mshono

Mfuko ulifika ukiwa na joto.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati baridi ya Lubumbashi inawafanya wauza mikate wa Katuba wajifunge vitambaa mpaka machoni. Katoni ilikuwa baridi, na karatasi zilizosokotwa ndani yake zilikuwa baridi pia. Mfuko peke yake, turubai nyeupe iliyojaa sarafu, ulikuwa na joto la mkate uliotolewa sasa hivi kwenye tanuru. Symphorien alivua glavu yake ya pamba, akaugusa kwa mgongo wa mkono, akavaa glavu tena.

"Jua ya njiani," alisema.

"Jua gani?" mke wake Gracia akauliza. "Leo jua umeiona wapi?"

Tuseme wazi Symphorien alikuwa mtu wa namna gani. Kazi yake ilikuwa karatasi za forodha. Babu yake aliletwa na kazi ya reli kutoka kaskazini, na ukoo wao ulikuwa wa misa na wa nidhamu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Katika mji ambako hakuna anayenunua hata kiberiti kwa sarafu, ambako noti huzunguka mpaka zinakuwa matambara, yeye alikusanya sarafu. Alikuwa na zile za Wabelgiji zenye tundu katikati na makuta za Zaire, kila moja ndani ya kijumba chake cha plastiki. Lakini sarafu hizo zote zilikuwa zimepita mikononi mwa watu. Alichokitamani ni sarafu bikira.

Ndipo kiwanda kimoja cha kufua sarafu huko Ulaya kikatangaza kwamba kitauza sarafu mpya za shaba kwa mifuko, kama zilivyoanguka kutoka kwenye mashine, bila mkono wa mtu kuzigusa. Kila mfuko ulishonwa mdomo kwa uzi mwekundu na kupigwa muhuri wa risasi. Wakusanyaji wana sheria yao: mshono ukiwa mzima, una mali. Ukiukata, una vyuma.

Ili kuupata mfuko huo, Symphorien aliuza friza ya Gracia, ile aliyohifadhia samaki ambao mama yake alimtumia kutoka Kilwa ya Katanga, kando ya ziwa.

"Tutanunua ingine," alisema.

"Ingine iko wapi? Iko mu mufuko?"

"Gracia, weye hauelewe."

"Ndiyo, sielewe. Mutu anauzisha friza ya samaki juu ya feza yenye haiwezi kununua ata kichwa ya samaki!"

Symphorien alimwonyesha karatasi ya kiwanda. Iliandikwa kwamba shaba ile ilikuwa ya Katanga. "Unaona? Ilitoka huku kwetu, ikaenda, ikarudi. Sawa mutoto mwenye alisoma Ulaya."

Akaufungia mfuko kwenye kabati ya sebuleni.

Alasiri moja umeme ulikuwa umekatika, na mtaa mzima ulikuwa kimya. Gracia alimkuta binti yao ameketi sakafuni, sikio lake limebandikwa kwenye mlango wa kabati. Mtoto huyo aliitwa Kunda. Alikuwa bado hajatimiza miaka mitatu.

"Kunda, unafanya nini pale?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Anagonga."

Gracia aliinama. Mwanzoni alisikia pumzi yake tu. Kisha sauti ikaja kutoka ndani ya kabati, ndogo, ya chuma: mbili za haraka, moja nzito. Kimya. Mbili za haraka, moja nzito.

Alikaa chini palepale, karibu na mtoto.

Mlio ule aliujua. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mdomo wa shimo la wachimbaji anaujua. Chini kule sauti ya mtu haifiki, kwa hiyo mchimbaji hupiga mwamba kwa nondo yake ili walioshika kamba juu wamsikie. Mbili za haraka na moja nzito maana yake: nivuteni.

Gracia alikuwa na mdogo wake wa kiume, jina lake pia Kunda. Alikuwa mchimbaji katika mlima wa Kisungwe, mbali na mji, upande wa Lukafu. Msimu wa mvua mdomo wa shimo ukaanguka akiwa ndani na wenzake. Gracia na mama yake, Mama Chomba, walilala kifudifudi kwenye matope, masikio chini, wakamsikia akiomba avutwe. Aligonga, aligonga, akagonga polepole, akaacha. Kisha watu wenye silaha wakafukuza kila mtu, mlima ukazungushiwa waya, na mashine za kampuni fulani zikauchimba wote, jiwe na udongo na kila kilichokuwa ndani, zikaupeleka kwenye moto.

Hapakuwa na maiti, basi hapakuwa na kaburi. Na bila kaburi, kilio hakifungwi. Mama Chomba alikuwa bado amevaa kitambaa cheusi. Wazee wanajua kwamba jina la marehemu halipewi mtoto kabla kilio chake hakijafungwa, maana jina lina mwenyewe bado, na mwenyewe hajalala. Gracia alijua pia. Lakini alipozaa, hamu ya kuliita jina lile ndani ya nyumba yake ilimshinda. Akamwita binti yake Kunda.

Jioni alimweleza mume wake. Symphorien alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

"Chuma ikipoa, inalia. Ni sayansi."

"Basi juu ya nini haipoe?"

Symphorien akainuka. Alikwenda kukagua mshono.

Harufu ilikuja baadaye. Haikuwa ya uozo, afadhali ingekuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya udongo wa chini kabisa, udongo ambao haujawahi kuona jua, imechanganyika na jasho na nta ya mshumaa. Ilikaa ndani ya mapazia na ndani ya ugali. Majirani waliopita kusalimu walipangusa pua, wakaaga upesi, na huko nje wakaambiana kwamba Symphorien ameleta jini la feza nyumbani.

Mtoto naye akabadilika. Aliacha kucheza uani. Alisema pale mbingu ni kubwa mno. Alitambaa chini ya meza, akajikunja pale, akakohoa, akapumua kwa mdomo kama mtu anayepanda ngazi. Chini ya kucha zake palikuwa na kijani, kile kijani cha jiwe la shaba, na Gracia akikisugua leo, kesho kimerudi.

Asubuhi moja Gracia alimweka ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akaanza kumwogesha, na maji yakawa ya kahawia ingawa mtoto hakuwa ametoka nje, akayamwaga, akaweka mengine, nayo yakageuka, akayamwaga tena akiwa anajiambia kwamba ni vumbi, ni vumbi tu la kiangazi, na wakati anamimina ndoo ya tatu mtoto alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo mtoto hana, akamwangalia usoni, na akamwita kama dada mkubwa, jina ambalo hapa duniani mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kumwita, mdogo wake.

"Yaya," mtoto alisema. "Yaya, maji iko inapanda."

Siku hiyohiyo Gracia alimpigia mama yake simu.

Mama Chomba alikuja juu ya lori la samaki, amekaa juu ya magunia, mavumbi ya barabara mbovu mpaka kwenye kope. Hakuingia ndani. Alitandika mkeka wake uani, karibu na jiko, akaupa mlango wa nyumba mgongo. Ndivyo ilivyo kati ya mama mkwe na mkwe wake wa kiume: hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani, na chumba anacholala mkwe, mama mkwe afadhali afe kuliko kukanyaga kizingiti chake. Hiyo ni heshima. Kwa watu wa haki ni kitu kizuri.

Symphorien, aliposikia mama mkwe amefika, alitoa mfuko kwenye kabati ya sebuleni akausukuma chini ya kitanda chake. Huko mama mkwe hangeweza kuufuata.

Mama Chomba alitega sikio. Mlio ulimfikia, mbili za haraka, moja nzito.

"Gracia," aliita, bila kugeuka. "Ambia mukwe wangu: nasikia mwana wangu mu nyumba yake. Anitoshee ye inje."

Gracia alisimama mlangoni, katikati yao. "Baba Kunda, mama banasema..."

"Nimesikia. Uwaambie ni bichuma. Ni bichuma ya kiwanda, iko na karatasi."

"Ambia mukwe wangu," sauti ya uani ikajibu, "miye sisome karatasi. Miye nilizaa."

Kesho yake mzee Mwenya aliletwa. Alikuwa mganga, mkali wa maneno, mtu ambaye hakuchukua hata kuku mpaka mgonjwa apone. Aliingia sebuleni, akavuta pumzi moja kwa pua, akakunja uso. Alitambaa chini ya meza mpaka alipo mtoto, akaweka kiganja kwenye kifua chake. Alikaa vile kwa muda. Alipotoka, magoti yake yalikuwa na tope.

"Jini ya kutumwa hakuna hapa," alisema. "Ile njo ningefukuza na fimbo. Huyu ni mutu, hawakumuzika. Moto iliyeyusha jiwe, pumuzi ikabakia. Amekuta jina yake mu nyumba, anaingia mu jina. Na huyu mutoto anashuka kule alikuwa yeye."

"Tufanye nini?" Gracia alinong'ona.

"Muzike mufuko. Muzima, vile iko. Mama yake aite jina juu yake, mufunge kilio. Jina ikiisha kulala, mutoto wenu atakuwa nayo yeye peke yake. Leo, jua ingali juu. Kesho huyu atakuwa mbali." Akamgeukia Symphorien. "Mufuko ni weye utaleta?"

"Ni miye."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Symphorien aliingia chumbani akafunga mlango. Mkusanyaji mmoja wa Ndola alikuwa amemwandikia wiki ileile kwamba anautaka mfuko, mradi mshono uwe mzima. Mtu huyo alikuwa njiani. Labda Symphorien alijiambia kwamba mazishi ni maneno tu, kwamba mama mkwe atatulia akiona kaburi, na mtoto atatulia akimwona bibi yake ametulia. Watu hujiambia mengi. Alichofanya ni hiki: alichukua mfuko mweupe wa unga, akamimina ndani boliti na nati kutoka kwenye sanduku la vyuma, akaushona mdomo kwa uzi mwekundu wa Gracia. Na kwa kuwa mfuko wa kweli ulikuwa na joto, alichukua pasi ya makaa iliyokuwa bado inafuka, akaupiga pasi huo wa uongo, upande huu na upande ule, taratibu, kama mtu anayenyoosha shati la misa.

Kisha akautoa nje mikononi, ameinamisha kichwa.

Waliuzika kwenye shamba la mahindi la ukoo, nje kidogo ya mji. Mama Chomba aliupokea kutoka kwa Gracia, si kwa mkwe. Aliupakata. Joto lile lilimfanya alie kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu Kisungwe. Aliufunga ndani ya kitenge kipya, akaushusha shimoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Kunda," alisema. "Mwana wangu. Tumekuvuta. Shika jina yako, ulale."

Udongo ulipoanza kuanguka, mtoto, mgongoni kwa Gracia, aliacha kukohoa. Pumzi yake ikatulia. Mikono yake ikalegea shingoni mwa mama yake. Gracia alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika mume wake mkono mbele ya watu, akamwambia, "Aksanti. Nilikuwa nasema weye hauna roho."

Symphorien aliangalia mahindi.

Waliporudi, Mama Chomba alivua kitambaa cheusi akakitia motoni. Mtu alileta munkoyo, wakanywa, hata mzee Mwenya akakubali kikombe kimoja kabla ya kwenda zake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, Mama Chomba alifanya mzaha: "Gracia, ambia mukwe wangu anirudishie friza yetu, samaki ya Kilwa iko inalia pa lori."

Alikuwa angali na tabasamu la mzaha huo alipousikia mlio.

Ulitoka upande wa chumba cha kulala. Mbili za haraka, moja nzito. Lakini sasa haukungoja kujibiwa, ulifuatana, ulipandana, mbili moja mbili moja, kama mtu ambaye ameona kamba ikiteremka, akanyoosha mkono, na kamba ikavutwa juu bila yeye.

Mama Chomba alisimama. Aligeuka, akauelekea mlango.

"Mama!" Gracia akamdaka kwa sauti. "Mama, ni chumba ya mukwe!"

Yeye akaendelea. Symphorien aliruka akasimama mbele ya mlango wa chumba, na hapo heshima ile aliyoitumia kama kufuli ikamfunga yeye mwenyewe. Angemzuiaje? Kwa mkono upi? Mama Chomba alikuja moja kwa moja, uso wazi, na mkwe alilazimika kufunika macho na kukaa pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama alikanyaga kizingiti. Alipiga magoti kando ya kitanda cha bintiye, akaingiza mikono, akauvuta mfuko, akaukata uzi kwa meno.

"Mshono!" Symphorien alilia. Ndilo neno lililomtoka. Gracia alilisikia, na hajalisahau.

Sarafu zilimwagika juu ya shuka. Zilikuwa mpya, hazijaguswa na mkono wa mtu, na hakuna hata moja iliyokuwa na sura. Kila maandishi, kila picha, ilikuwa imefutika kabisa, kama noti iliyozunguka sokoni maisha mazima. Na turubai kwa ndani ilikuwa imechanwachanwa kwa mistari minne minne.

"Kunda," Mama Chomba alisema.

Mlio ukakoma.

"Kunda! Mwana wangu, ni miye!"

Hakuna kitu. Sarafu zilianza kupoa mikononi mwake, kwanza za juu, halafu za chini, mpaka kitanda kizima kikawa baridi kama zege.

Walimkimbilia mzee Mwenya njiani, akarudi. Alitazama kitanda, akatazama uzi mwekundu sakafuni.

"Mulizika nini kule?"

Gracia ndiye aliyemgeukia mume wake. "Baba Kunda. Mulizika nini?"

"Ba boliti," Symphorien alisema.

Mzee Mwenya hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyechoka ghafla.

"Nilikuuliza. Nilikuuliza sawa mutu anauliza mutu mwenzake."

"Tukafukue," Symphorien alisema. "Sasa hivi. Tutaweka yenyewe. Nitachimba miye, na mikono yangu!"

"Kaburi haifunguliwe juu weye umejuta. Jina ililala kule na ba boliti, mama yake njo aliilaza. Yule wa mu mufuko hana tena jina ya kumuvuta. Ameisha kwenda, sijue wapi."

"Na mutoto?" Gracia alisema. "Mutoto alipona! Alipona kule ku shamba, mulimuona!"

Mzee alitazama uani, alikokuwa mtoto. "Mama," alisema polepole, "jina yake ilikuwa gani?"

Gracia alitoka mbio uani. Binti yake alikuwa ameketi kwenye mkeka wa bibi yake, mgongo umenyooka, mikono magotini. Hakuwa na tope, wala kikohozi, wala kijani kwenye kucha.

"Kunda!"

Mtoto hakugeuka.

"Kunda, mwanangu. Kunda!"

Kuku waligeuka, jirani aligeuka juu ya ukuta. Mtoto aliendelea kuangalia mbele.

Mama Chomba aliondoka kesho yake na sarafu ndani ya kitenge. Hakumwambia mtu anazipeleka wapi. Symphorien alikaa ndani, na mtu wa Ndola alipogonga geti hakufunguliwa. Gracia alihamia chumba cha mbele na mtoto. Alimlisha, akala. Alimlaza, akalala. Alimkumbatia mpaka mikono yake ikauma, lakini ngozi ya mtoto haikushika joto, hata saa sita mchana, hata karibu na jiko.

Basi Gracia akaamua atafanya kile ambacho mama yeyote angekifanya. Alimwosha, akamvika gauni la njano, akampakata mlangoni kwenye jua. Jina lingine. Kwani majina yameisha duniani?

"Sikia," alimwambia, akijaribu kucheka. "Tangu leo unaitwa Abigaïl. Unapenda? Abigaïl. Ni jina ya muzuri, ni yako, hakuna mwingine mwenye iko nayo. Itika, mama akusikie. Abigaïl?"

Mtoto alimgeukia. Aliinua mkono wake mdogo wa baridi, akampangusa mama yake shavu, na akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo, ya uvumilivu, kama anayemweleza mgeni njia:

"Mama, miye muliisha kunizika."